Usingoje Siku ya Kilio

Safari ya Lubumbashi mpaka Kolwezi wakati wa vakansi kubwa



Mwezi wa 7 ukifika huku kwetu Katanga, baridi inaingia asubuhi, vumbi inapanda mchana, na watoto wanaanza kuuliza: "Papa, vakansi hii tunaenda wapi?" Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mtoto wa Lubumbashi alipelekwa Kolwezi kwa nkambo wake, na mtoto wa Kolwezi alipelekwa Likasi kwa baba mkubwa. Alirudi mwezi wa 9 amenenepa, anajua hadithi za wazee na majina ya ndugu zake wote. Siku hizi wazazi wengi wanajibu tu: "Tutaona." Mwaka unapita, na mwingine unapita. Kisha usiku mmoja simu inalia, na ndipo feza ya safari inapatikana.

Mimi ni mchungaji, nimehubiri kwenye vilio vingi. Nimeona watu waliokosa nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, lakini wakapata nauli ya kwenda kumzika, pamoja na sanduku zuri, viti vya kukodi na mtu wa kupiga video. Sisemi hivi ili kumhukumu mtu. Katika mwaka 2024 nilifanya safari moja pamoja na rafiki yangu, na njiani nikaona kwamba hata mimi ninayehubiri nilikuwa mmoja wao.

Rafiki huyo sitamtaja jina. Aliniruhusu kuandika habari hii, akasema: "Pasta, andika mambo yote, lakini jina uache."

FEZA YA BABA

Tulikomea pamoja Kolwezi. Tulikuwa wale walioitwa Bana Shaba, watoto wa kampi za wafanyakazi. Wasomaji wenye umri wanakumbuka maisha yale. Kampani ilitoa nyumba, shule, hospitali na poso: unga, maharagi, samaki, mafuta. Wazee walizoea kusema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Na kweli tulifikiri baba huyo hawezi kufa.

Lakini alianza kuugua machoni petu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani za shaba zaidi ya 470.000. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30.000 tu. Mishahara ikachelewa, poso ikapunguka, kisha ikakoma. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka kazini kwa mpango ule ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa feza ya mwisho. Baba ya rafiki yangu alikuwa mmoja wao.

Mzee yule alikaa na watoto wake, akasema: "Feza hii tukiila, itaisha. Lazima izae." Akachukua dola 1.500 akampa mwana wake wa kwanza, rafiki yangu, aende kununua bidhaa mpakani Kasumbalesa na kuuzisha. Kijana alikuwa na miaka 25. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Safari ya pili alitoa bidhaa kwa deni kwa watu aliowaamini. Wengine walihama, wengine walikana. Kabla ya mwaka kwisha hapakubaki kitu.

Katika jamaa maneno yakatoka: huyu alikula feza pamoja na wanawake. Haikuwa kweli, lakini mtu aliyepoteza feza ya wote ana mdomo gani wa kujitetea? Akahamia Lubumbashi, akajifunza kazi ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Mwaka 2009 baba yake akafa. Siku ya kilio, ndugu za baba wakasimama mbele ya watu wote wakasema: "Njo huyu alikula feza ya baba yake, angalia sasa." Akazika baba, akapanda bisi. Tangu siku ile mpaka mwaka 2024, miaka 15, hakukanyaga tena kiwanja cha mama yake.

Hakumsahau. Alipopata kidogo alituma kwa simu, dola 10, dola 20. Mama alipomwuliza, "Unakuya siku gani?", alijibu: "Mama, ngoja nipate kidogo. Nitakuya namna gani mikono bule?"

Mwezi wa 5 mdogo wake wa kike akamwita kwa simu. Mama ameshikwa na macho. La kuume halioni tena, la kushoto linaona kivuli tu. Yule dada hakusema maneno mengi. Alisema: "Yaya, kama unapenda mama akuone, ukuye mbele ya mvua."

TUKATOKA LUBUMBASHI

Alikuja kwangu usiku na karatasi. Alikuwa ameandika vitu anavyopaswa kupeleka: mifuko miwili ya unga, bidoni ya mafuta, vilamba vitatu, mavazi ya watoto wa dada, na bahasha kwa ndugu za baba. Alikuwa amepiga hesabu, akaona kwamba atakuwa tayari kisha miaka miwili. Nikamwuliza: "Na macho ya mama yatangoja miaka miwili?" Akakunja karatasi, akanyamaza.

Basi, siku ya Jumatatu, saa 11 ya asubuhi, tukaingia katika motoka yangu ya zamani. Tukaomba Mungu mbele ya kuwasha. Nyuma tulikuwa na kilo tano za sukari, sabuni, chumvi, na kilamba kimoja ambacho mke wangu aliweka bila kutuambia. Feza yetu tuliigawa mara tatu: ya esansi, ya peaji, na ya kurudi. Ile ya kurudi tuliiweka ndani ya Biblia, ili tusiiguse.

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120, na mpaka Kolwezi ni karibu 300. Tuliacha nyuma ile cheminée ndefu na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, alama za Lubumbashi tangu zamani za wazazi wetu. Asubuhi ya kipwa barabara ina mambo mengi. Kuna wanaume wanasukuma nkinga zenye mifuko mitatu ya makala, wametoka porini usiku. Kuna wamama wenye mafungu ya viazi vitamu pembeni. Kuna moshi wa pori linaloungua, na vichuguu virefu kama nyumba. Na kuna makamioni, makamioni, makamioni. Yanapeleka shaba na kobalti Zambia, mpaka bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban, na mengine yanarudi na mashini na dawa za viwanda. Ukiwa nyuma ya kamioni kama hilo, haraka yako inakwisha. Unajifunza uvumilivu, upende usipende.

Tulipokaribia daraja la mto Lufira, rafiki yangu akasema: "Pasta, tusimame." Nilifikiri anataka kujisaidia. Kumbe alitaka turudi. "Tungoje Desemba," akasema. "Desemba mi nitapata kazi moja ya milango kumi na mbili. Nitakwenda sawa mutoto wa kwanza, hapana sawa mwizi."

Nikazima motoka. Nikamkumbusha habari ya Yakobo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 32 na 33. Yeye pia alikuwa ameondoka kwao na neno baya nyuma yake. Alipotaka kurudi, alimwogopa ndugu yake Esau, akatanguliza zawadi. Nikamhesabia: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 pamoja na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30. Wote pamoja, bila watoto wa ngamia, ni wanyama 550!

Rafiki yangu akacheka. "Unaona, Pasta? Yakobo alikuwa na mbuzi 220. Mi niko na kilo tano ya sukari."

"Vizuri," nikamwambia, "lakini soma tena. Esau alifanya nini? Alikimbia. Alimkumbatia ndugu yake, wakalia wote wawili. Kisha kulia njo aliuliza habari ya wale wanyama. Na aliposikia ni zawadi, akasema kwamba yeye ana vya kutosha. Zawadi alizipokea kwa sababu Yakobo alimsihi sana. Kitu alichokuwa amekosa miaka ile yote haikuwa mbuzi."

Hakujibu. Lakini alishuka, akanawa uso kwa maji ya bidoni, akarudi akafunga mlango. Tukavuka Lufira.

LIKASI

Tuliingia Likasi jua limeshapanda juu ya vilima. Tukasimama sokoni kununua mkate. Hapo rafiki yangu akaniuliza neno ambalo sikulitazamia: "Pasta, nyumba ya mama yako mudogo, si njo upande huu?"

Ilikuwa kweli. Mdogo wa mama yangu anakaa Likasi. Nilipokuwa kijana wa shule ya Biblia, nilikaa nyumbani kwake miaka mitatu. Alinipa kitanda cha watoto wake, na watoto wake wakalala chini. Nimepita Likasi mara nyingi kwa mikutano ya kanisa. Mara ya mwisho kuingia kwake, sikuweza kukumbuka mwaka.

Nikamjibu: "Tutapita wakati wa kurudi. Sasa hatuna kitu mkononi." Nikasikia mwenyewe neno lililotoka mdomoni mwangu. Rafiki yangu alitazama nje tu. Ni mtu wa adabu.

Tukipita katika mji ule, tulisema pia juu ya rafiki zetu wa shule wenye asili ya Kasai. Katika mwaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zilifukuzwa katika Katanga. Watu walijaa kwenye stasioni za Likasi na Kolwezi, wakingoja treni siku nyingi pamoja na watoto na vyombo vyao, na wengi walikufa kwa ugonjwa na njaa. Tulikuwa watoto. Tuliona viti vikibaki wazi darasani. Mwenzetu mmoja aliyekaa kati yetu hatukumwona tena mpaka leo. Nafikiri jamaa zetu za mashaba zimekatwa mara nyingi: kwa chuki, kwa kazi iliyokwisha, na sasa kwa vijana wanaokimbilia machimbo, leo huku, kesho kule. Mtu akikatwa kwa nguvu, tunamlilia. Lakini anayejikata mwenyewe kwa haya, nani anamlilia?

MPAKA LUALABA

Kutoka Likasi tukapita upande wa Mulungwishi, ambapo wachungaji wengi wa Katanga wamejifunza Neno la Mungu. Kaskazini ya Likasi iko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri. Huko mwaka 1886 alifika Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Scotland, baada ya safari ndefu kutoka Benguela kwenye bahari ya Atlantike. Tulisema: watu wa zamani walitembea miezi na miezi ili wafikie watu wasiowajua. Sisi tuna barabara, tuna motoka, na mama zetu tunawajua.

Fungurume ni mji ulioamka na machimbo mapya. Huko nako makamioni, wauzaji, vijana wa pikipiki. Kisha nchi inafunguka, na mbele ya kufika Kolwezi unavuka Lualaba. Mto huu ukienda chini unakuwa ule mto mkubwa wa Congo. Watoto wetu wa shule wanajua hilo kwa kitabu. Ni vizuri wauone kwa macho.

Rafiki yangu hakuomba turudi tena. Lakini tangu Lualaba hakusema neno, na mikono yake ilishika ule mfuko wa sukari kama mtu anashika mtoto.

KAPATA

Mama yake anakaa Kapata, katika nyumba ileile ya kampi. Mti wa maembe uko palepale. Dada yake alikuwa anaanika nguo. Alitutazama, akaweka beseni chini, akasema: "Jambo, Pasta. Jambo, Yaya." Basi. Akatuonyesha mlango.

Mama alikaa juu ya kiti kifupi, uso wake umeelekea mwangaza wa dirisha. Akauliza: "Ni nani?" Nilingoja rafiki yangu ajibu. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alikohoa tu.

Mama akainua kichwa. "Ile kukohoa mi najua. Ni kukohoa ya bwana yangu. Ni paka we, Papa?"

Wamama wetu wanaita mwana wa kwanza Papa, kwa heshima ya baba zao. Rafiki yangu ana miaka 45. Alipiga magoti kwenye simenti kama mtoto. Mama akatafuta kichwa chake kwa mikono, akakishika, akapitisha vidole mpaka juu. Akashtuka: "Eh! Umepata kipara?" Tukacheka wote watatu, na katika kucheka njo walianza kulia. Mimi nilitoka nje. Kuna saa ambapo hata mchungaji hana kazi ndani.

Waliponiita tena, mama alikuwa anaeleza habari ya jogoo. "Kila kipwa nachaguaka jogoo moja, nasema: hii ni ya Papa, pengine mwaka huu atakuya. Batoto bote banajua, hapana kugusa jogoo ya Papa. Kisha mvua inanyesha, we haukuye, tunakula ku Noeli." Rafiki yangu akauliza, majogoo mangapi? Mama akasema: "Hesabu weye, uliyesoma."

Siku ile jogoo wa mwaka 2024 akachinjwa, tukamla na bukari na sombe. Kisha chakula, rafiki yangu akajikaza. Akasema: "Mama, ile feza ya baba..."

Mama akamkatiza. "Feza gani? Mi nilifikiri we njo uko na kasirani. Siku ya kilio bandugu ya baba yako balikutukana mbele ya batu, na mi nilinyamaza. Nilikuwa na woga. Bwana yangu alikuwa mu udongo, sikujua nani atanipokea. Nikasema mu roho: mutoto aliona mama yake ananyamaza, hatarudia tena. Miaka yote hii nakuombaka musamaha mu maombi, na we hausikie."

Wapendwa, nimesoma vitabu juu ya mapatano. Sijasoma neno kama hilo. Miaka 15, mwana huko Lubumbashi anasema: mama ananihesabia deni. Mama huku Kapata anasema: mwana ananihesabia kosa. Na kati yao kilometa 300 tu, na nauli ya bisi.

MDOGO WAKE

Nisiwadanganye. Si kila kitu kilinyoka siku ile. Dada alituletea maji ya kunawa, alituletea chakula, kisha akarudi nje kwa nguo zake. Jioni kaka yake akamfuata. Nilikuwa karibu, nilisikia.

Akamwambia: "Yaya, umelia na mama, ni vizuri. Lakini mi niliacha masomo mwaka wa tano, ulijua? Hatukukuwa tena na feza ya shule. Na miaka hii yote, ni mi nachotaka maji ya mama, ni mi namushikaka mukono usiku."

Alijibu haraka: "Mudogo wangu, mutoto wako wa kwanza, mi nitamulipia..."

"Usiniahidi kitu," akasema. "Ukuye tena. Ukuye mwezi wa kumi na mbili. Ukuye hata mikono bule. Pale nitajua."

Wengi wetu tunafikiri msamaha ni neno moja, ukisha kulisema limekwisha. Yule dada hakukataa kusamehe, lakini hakutaka kulipwa kwa neno. Alitaka mtu wa kusaidiana naye kumbeba mama.

Kesho yake tukampeleka mama hospitali, na dada akaja pamoja nasi. Majirani walikuwa wamesema mengi juu ya macho yale. Wengine walisema ni uzee tu, wengine walisema kuna mtu aliyeyafunga. Daktari alitazama kwa taa yake, akasema ni ule ugonjwa wa wingu jeupe ndani ya jicho, katarakte, mtoto wa jicho. Akaeleza kwamba hauponi kwa dawa ya kutia, lakini mara nyingi unaponywa kwa upasuaji usio mrefu. Bei ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Jioni ile wakapiga simu kwa ndugu wawili wengine, wakagawa bei mara nne. Mara ya kwanza tangu kilio cha baba, watoto wote wanne walizungumza siku moja. Kama rafiki yangu angengoja mpaka ajaze karatasi yake ya zawadi, mama angeingia gizani kwa sababu ya ugonjwa unaotibika, na sisi tungekuja kulia na kushtaki wachawi.

WAKATI WA KURUDI

Siku ya Alhamisi tukarudi. Tulipofika Likasi, sikungoja kuulizwa. Niligeuza motoka mpaka kwa mama mudogo. Mkononi nilikuwa na mkate mmoja tu.

Alikuwa mlangoni. Hakusimama. Akasema: "Jumatatu mulikuwa ku soko. Mama moja wa korali alikuona unanunua mukate, akakimbia kuniambia. Nikasonga bukari, nikakungojea mpaka usiku. Kisha nikapatia watoto ya jirani."

Nilikosa la kusema. Nikaanza kueleza: kazi ya kanisa, safari ya haraka, haya ya kuingia bila zawadi. Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa kijana. "Zawadi? Ulikala huku miaka tatu. Ulileta zawadi gani?"

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nikacheka, lakini ndani mlikuwa na kisu. Nilikuwa nimemhubiria mwenzangu daraja zima la Lufira, na mimi mwenyewe nikapita mlango wa mama kwa sababu ileile. Tulikula kwake, tukaomba pamoja, na wakati wa kuondoka yeye njo alitupa zawadi: mfuko wa viazi vitamu.

Wasomaji watataka kujua mwisho. Mwezi wa 12 kazi ile ya milango kumi na mbili haikupatikana. Rafiki yangu alikwenda Kolwezi kwa bisi, mikono yake karibu mitupu, pamoja na sehemu yake ya bei ya hospitali. Jicho la kuume la mama lilipasuliwa, na linaona. La kushoto lingali linangoja. Dada alikuwa mlangoni siku alipofika. Aliniambia baadaye kwa simu: "Pasta, Yaya alichota maji siku tatu." Hakuongeza neno, na mimi sikumwuliza zaidi.

NENO KWA JAMAA NA VIJANA

Yakobo na Esau hawakuishi pamoja kisha kupatana. Kila mmoja alikwenda njia yake. Lakini Mwanzo 35:29 inatuonyesha kwamba baba yao Isaka alipokufa, walimzika wote wawili. Walikuwa wamekwisha kukutana mbele ya kilio. Kwa hiyo walipofika kaburini, walikuwa na kazi moja tu, kumlilia baba. Wengi wetu tunafika kaburini na kazi mbili: kumlilia mtu, na kulilia maneno tuliyokosa kumwambia.

Kama vakansi hii mnaweza kusafiri, shikeni mambo haya:

1. Zawadi isiwe kizuizi. Ukiwa nayo, peleka. Ukikosa, peleka uso wako. Tena usipeleke deni ili uonekane tajiri siku moja.

2. Tenga kwanza feza ya kurudi, usiiguse. Mgeni anayekosa feza ya kurudi anakuwa mzigo, na mara ingine ataogopa kuja.

3. Toka asubuhi, fika mbele ya usiku. Katika barabara zetu makamioni mengine yanaharibika na kusimama gizani bila taa. Chukua maji, kitambaa cha vumbi, na kadi yako ya uchaguzi au kitambulisho kingine.

4. Chukua rafiki. Kuna mlango ambao mtu hawezi kuufungua peke yake. Mimi bila rafiki yangu ningepita Likasi tena, na yeye bila mimi angerudi pale Lufira.

5. Ukimkuta mzee ana shida ya macho, miguu au pumzi, usiseme haraka "ni uzee", wala "ni uchawi". Mpelekeni kwa daktari, gawaneni bei.

6. Vijana, ninyi mlio kwenye machimbo na mmeshindwa kurudi kwenu kwa sababu feza haijapatikana: mama yako hahesabu feza. Pengine anahesabu majogoo.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani, jioni kisha maombi:

Ni nani katika jamaa yetu hatujamwona zaidi ya miaka mitatu? Ni sababu gani tunayosema, na ni sababu gani ya kweli? Ni mlango gani tunaoupita kila mara bila kuingia?

Mungu awape safari njema, na kiti kwenye nyumba ya mama.